Baleti Ina Ratiba, Ngoma Yetu Ina Picha

Usiku wa mbalamwezi Majanji hupumzika. Wale samaki wadogo ambao Waganda wanawaita mukene, na sisi wa Kenya tunawaita omena, hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu. Basi mitumbwi inakaa mchangani, wanaume wanashona nyavu au wanalala, na watoto wanatoka nje kucheza mpaka mama zao waite mara tatu.

Likizo iliyopita nilikuwa huko kwa dada yangu. Wengi wenu mnaijua hadithi yetu kwa sababu ni yenu pia. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ule uchaguzi, tulivuka mpaka na magunia yetu, tukakaa Mulanda kule Tororo kwenye mahema. Mimi nikapanda lori la kuja Kiryandongo. Dada hakupanda. Aliolewa na Msamia wa Majanji, na leo anaanika omena na kuuza kwa debe. Kwenye karatasi yeye ni mwenyeji na mimi ni mkimbizi, na tumbo lililotuzaa ni moja.

Binti yake ana miaka 12. Jioni moja alichukua simu yangu akakuta picha nilizokuwa nimehifadhi ili niziandikie katika jarida hili. Ni zile picha za watoto wa Kibera wanaocheza baleti, zilizopigwa na Fredrik Lerneryd, mpiga picha kutoka Sweden. Alizipitia moja moja bila kusema neno. Halafu akauliza, "Mjomba, hawa wanasomeshwa hii, ama walivalishwa tu wapigwe picha?"

Makala hii ni jibu langu kwake. Limekuwa refu kuliko nilivyodhani, na sehemu yake moja inanihusu mimi mwenyewe.

Jibu fupi ni kwamba wanasomeshwa. Mwalimu wa darasa lile ni Mike Wamaya, Mkenya, ambaye mwenyewe ni mcheza densi. Darasa lilikuwa sehemu ya kazi ya Anno's Africa na One Fine Day, mashirika yanayofundisha sanaa kwa watoto wa mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mwaka 2017 Wamaya aliingia katika walimu 10 wa mwisho waliowania Global Teacher Prize, ile tuzo ya mwalimu bora duniani. Mtu hafiki hapo kwa kuvalisha watoto sketi.

Picha zenyewe ni nzuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Sisi watu wa kambi tumepigwa picha nyingi, tunaijua picha inayomwomba mtazamaji atuhurumie. Hizi haziombi. Watoto wamevaa nguo za rangi kali, ukuta ni mtupu, mwanga unaingia dirishani, na wao wako kazini. Mtoto anaangalia mguu wake kama vile fundi anavyoangalia ubao kabla ya kukata. Lerneryd aliiona kazi hiyo, akaiacha ionekane.

Kasoro iko pembeni ya picha, kwenye maneno. Picha hizi zilipozunguka dunia, maelezo yake yalianza karibu kila mara na Kibera, matope na mabati, ndipo baleti ikafuata. Msomaji wa mbali anapewa utamu wa vitu viwili asivyotegemea kuviona pamoja. Ukiondoa matope, habari inakwisha. Hakuna gazeti la London litakaloweka picha ya mtoto wa Karen au Lavington akicheza baleti, ilhali huko watoto wanacheza kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Huko haishangazi, kwa hiyo haina picha. Ina kitu kingine, na hicho ndicho nataka tukitazame.

Katika shule za sekondari za kulipia, zile ambazo karo ya muhula mmoja inanunua kiwanja hapa kwetu, baleti inaweza kukaa kwenye orodha ya alasiri pamoja na kuogelea, raga na tenisi. Marekani wameenda mbele zaidi. Shule nyingi za kulipia huko zinataka kila mwanafunzi awe na mchezo, na baadhi yake zinakubali densi, baleti ikiwemo, ihesabiwe kuwa ndio mchezo huo. Msichana anayefanya mazoezi ya baleti alasiri kadhaa kwa wiki hadaiwi mpira. Mwalimu anaandika saa zake, shule inazikubali, na mwisho wa mwaka ziko kwenye rekodi yake.

Watu wa huko hubishana sana kama hilo ni sawa. Baleti ni sanaa au ni mchezo? Inafungwa goli wapi? Nani anashinda? Kwa Kiingereza ubishi huo una mahali pa kusimama, maana neno la mpira na neno la densi ni mawili tofauti. Kwa Kiswahili nashindwa hata kuuanzisha. Tunacheza mpira, tunacheza ngoma, tunacheza karata, mtoto anacheza na mchanga. Nilipomuuliza dada yangu kama kucheza baleti ni mchezo, aliacha kugeuza omena akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama kula ugali ni kula.

Na mwili unakubaliana na lugha. Baleti ina mikao mitano ya miguu ambayo mwanafunzi anarudia kila siku, kuanzia mtoto mpaka mzee wa jukwaa. Mguu unageuzwa nje kuanzia nyongani, si kwenye goti, na ukikosea hapo goti litakudai baadaye. Viatu vile vya kusimama kwenye ncha ya vidole havipewi mtoto kwa sababu anavitaka. Mwalimu makini husubiri mpaka mtoto awe na miaka kama 11 au 12, mifupa na misuli ikiwa tayari, baada ya miaka ya mazoezi ya kawaida. Ukiita hiyo burudani tu, hujawahi kuijaribu. Nimeijaribu nyuma ya nyumba. Sikumaliza dakika mbili.

Lakini sasa chukua isukuti yetu, ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Mpigaji anabeba ngoma chini ya kwapa, anapiga huku anacheza, mabega yanakwenda upande wake na magoti upande wake, na hapumziki mpaka kiongozi wa wimbo apumzike. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Haraka, wamesema. Maana yake wanaoijua wanapungua. Sijasikia shule ya kulipia inayomwambia mwanafunzi, "Wewe unacheza isukuti, hudaiwi raga." Mwili unatoka jasho lile lile, na saa hazihesabiwi.

Kwa hiyo swali la mpwa wangu limenisogeza mbali na viatu na sketi. Shule ya kulipia ikiita baleti mchezo, haibadilishi chochote ndani ya baleti. Inaipa vitu vinne: saa inayojulikana, mahali panapojulikana, mtu mzima mmoja anayewajibika, na daftari. Vitu hivyo havipendezi kwenye picha, lakini ndivyo vinavyomfanya mtoto ajue.

Ushahidi upo hapo hapo Nairobi. Joel Kioko alikulia Kuwinda, mtaa wa mabanda. Darasa lake la kwanza la baleti lilikuwa kwenye chumba cha shule ya umma, kuta tupu, hakuna kioo, hakuna ubao wa kushikilia, madawati yametolewa nje ili watoto wapate sakafu. Krismasi ya 2016 alikuwa amerudi nyumbani kutoka masomoni Marekani, akacheza peke yake mbele ya watu katika The Nutcracker mjini Nairobi. Baadaye akaenda London, kwenye shule ya English National Ballet. Magazeti yaliandika kama muujiza: kutoka mabandani mpaka jukwaani. Ukisoma polepole unaona kati ya kile chumba na lile jukwaa kuna kama miaka mitano ya mazoezi, na mwalimu, Cooper Rust, Mmarekani anayeongoza Dance Centre Kenya, na mtu wa kulipa, na mlango unaofunguliwa saa ile ile kila wiki. Muujiza hauhitaji hayo yote. Kioko aliyahitaji.

Nimeona pia filamu moja inayolielewa jambo hili kuliko picha zote. Inaitwa Madu, ya 2024, na waliotengeneza ni Matthew Ogens na Kachi Benson. Inamfuata Anthony Madu, mvulana wa Lagos. Pengine mlimwona 2020, ile video ya mtoto anayecheza baleti kwenye mvua, miguu mitupu, inayozunguka simu hadi simu. Alikuwa mwanafunzi wa Leap of Dance Academy, darasa lililoanzishwa 2017 na Daniel Ajala, ambaye sehemu kubwa ya baleti alijifundisha mwenyewe kwa kutazama video. Ile video ya mvua ilikuwa picha ya Kibera tena: mtoto, maji, saruji, mshangao. Filamu inaanza pale video inapoishia. Mtoto anapata nafasi Elmhurst, shule ya bweni ya baleti mjini Birmingham, Uingereza, na kamera inakwenda naye.

Hapo ndipo filamu inapopata nguvu. Inaonyesha kwamba kupewa ratiba si zawadi tu, ni mzigo. Unaamshwa, unasahihishwa, unakumbuka nyumbani, unakuta wenzako walianza zamani kuliko wewe. Mshangao wa ile video hausaidii kitu darasani, maana pale hakuna anayekushangaa. Nilifurahi kuona hivyo. Ni heshima kutendewa kama mwanafunzi. Lawama yangu kwa filamu ni moja: inamfuata yule aliyeondoka, na darasa la Ajala lililobaki Lagos linarudi kuwa mwanzo wa hadithi. Kwa sisi tuliobaki, darasa lile ndilo hadithi yenyewe. Nani alikuja siku iliyofuata? Mlango ulifunguliwa?

Sasa nirudi nyumbani, maana nimekosoa Wasweden na Wamarekani na bado sijajikosoa.

Kambini kwetu mpira wa miguu na netiboli vina fungu lake. Fungu hilo si kubwa, tusidanganyane, lakini lipo mwaka mzima: mipira, jezi, mwalimu anayelipwa posho kidogo, safari ya lori kwenda kucheza na timu nyingine. Ngoma haiko kwenye fungu la michezo. Ngoma iko kwenye utamaduni, na utamaduni kambini una siku moja, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Wiki mbili kabla ya siku hiyo mtu anakuja na pikipiki, anauliza, "Mwalimu, kikundi chenu bado kipo? Tunahitaji dakika tano, mtacheza wageni wakishakaa." Tunajikusanya. Tunapewa fulana zenye nembo. Tunacheza dakika tano, wageni wanapiga picha, tunakunywa soda. Tarehe 21 hakuna anayeuliza kama kikundi bado kipo.

Mchezaji wetu bora alikuwa msichana wa miaka 14. Mabega yake yalikuwa yanasikia ngoma kabla masikio yake hayajasikia, sijui niseme vipi. Mwaka juzi aliacha, akaenda netiboli. Nilimkuta njiani na jezi mpya, na mbele ya wenzake nikamwambia maneno mabaya. Nilimwambia ameuza ngoma ya babu zake kwa chupa ya soda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akasema, "Mwalimu, netiboli iko Jumanne na Alhamisi. Ngoma iko lini?"

Sikuwa na jibu. Ngoma ilikuwa nikipata nafasi. Ngoma ilikuwa nikimpata mwenye ufunguo wa ukumbi. Ngoma ilikuwa Juni. Kwenye simu yangu nina picha kama mia mbili za kikundi chetu, na sijawahi kuwa na daftari la majina. Nilikuwa nimemfanyia yule mtoto kitu kile kile ninachowalaumu wageni: nilimtaka kwa siku ya picha. Netiboli ilimtaka Jumanne.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Nimeifikiria sana methali hii tangu nivuke mpaka. Mcheza kwa wenyewe je? Anapigiwa makofi, na anapigwa picha. Kutuzwa ni jambo jingine: mtu anayekutuza anakujua, alikuona mwaka jana, anajua kama umeongeza ujuzi au umezembea. Kule Majanji watoto wakicheza, bibi mmoja anakaa mlangoni na kumkemea anayekosea hatua. Hiyo ndiyo tuzo ya kwanza. Darasa la Wamaya lina mtu wa namna hiyo. Elmhurst inao wengi. Tarehe 20 Juni haina hata mmoja.

Nasikia maswali yenu, na mengine nimejiuliza mwenyewe.

La kwanza: basi tuombe ngoma yetu iitwe mchezo, tuingie kwenye fungu? Hapo nenda polepole. Kila jina lina mlinzi wake mlangoni. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilikwenda Olimpiki ya Rio ikiwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, waliofanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe. Wenzetu wa Sudan Kusini hapa Kiryandongo mnakumbuka furaha ile. Miaka minane baadaye, Paris 2024, densi ya breki iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na katika timu ya wakimbizi ya watu 37 kulikuwa na mcheza densi, Manizha Talash, msichana wa Afghanistan, nchi ambayo watawala wake hawamruhusu mwanamke acheze hadharani. Densi ilipoitwa mchezo, mkimbizi alipata jukwaa la dunia nzima. Alipanda amevaa kitambaa kilichoandikwa kwamba wanawake wa Afghanistan waachiliwe huru. Akaondolewa mashindanoni, kwa sababu kanuni za michezo hazikubali ujumbe wa siasa. Kwenye ngoma angeimba ujumbe huo na watu wangeitikia. Kwenye mchezo kuna refa.

Lakini msidhani jina la utamaduni halina refa. Ngoma za kifalme za Burundi ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014, mwaka ule ule wa isukuti yetu. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri kwamba wanawake wasipige ngoma hizo, na atakayetaka kuzipiga hadharani aombe ruhusa. Warundi mlio nasi mnajua zaidi yangu. Urithi ukishaandikwa, yuko anayejiona mwenye urithi.

Kwa hiyo sibishanii jina. Wakitaka waiite mchezo, wakitaka waiite utamaduni, wakitaka waiite afya ya akili, maana siku hizi hilo nalo lina fungu. Ninachotaka ni kile kinachokuja na jina kule kwenye shule za kulipia. Kenya wenyewe wameona kwamba ukuta kati ya majina haya ni mwembamba. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa 2017, sekondari ya juu ina njia tatu, na mojawapo imeweka sanaa na sayansi ya michezo pamoja. Mtoto wa kule atakayechagua njia hiyo, densi yake itakuwa na saa kwenye ratiba ya shule, bila mzazi kulipa pesa ya kiwanja. Itafanyika vizuri au vibaya, tutaona. Angalau imeandikwa.

Swali la pili linatoka kwa ndugu zetu wa mashirika, na ni la haki. Chakula kimepunguzwa na kupunguzwa tena tangu 2020, wengine wameondolewa kabisa kwenye orodha, na wewe unaongelea densi? Ndiyo. Nami pia chakula changu kimepunguzwa, najua. Ndiyo maana siombi viatu vya baleti. Siombi fulana. Fulana za nembo tunazo mpaka tunadekia nyumba. Ukumbi wa jamii unakaa umefungwa alasiri nyingi za wiki, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu ambaye lazima apigiwe simu. Ninachoomba hakina gharama ya kuandikia ombi la mradi: ufunguo, siku moja isiyobadilika, na mtu wenu mmoja aje mara moja kwa mwezi, bila kamera, akae mpaka mwisho.

Swali la tatu ni la wazazi wenzangu, wanaosema baleti ni ya wazungu, kwa nini nimepoteza karatasi kuiandika. Nimeiandika kwa sababu mtoto aliniuliza. Na kwa sababu sioni haya kujifunza kwa mtu aliye na utaratibu. Jirani akikufundisha kuhifadhi omena isioze, humwambii hutaki kwa kuwa yeye anatoka ng'ambo ya ziwa. Wenye baleti walielewa zamani kwamba mwili wa mtoto unafundishwa kidogo kidogo, kwa siku zinazofuatana, na mtu mzima asiyechoka kusahihisha. Bibi zetu walilijua hilo pia. Sisi katikati ndio tulioliangusha, tulipokuwa tunakimbia. Hatukulaumiki kwa kukimbia. Lakini miaka imepita, na mimi bado nilikuwa nafundisha kama mtu ambaye kesho anahama.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, kwa ufupi zaidi, tukiwa tumekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Ng'ambo tuliona taa za upande wa Kenya. Alisikiliza kidogo, halafu akaniacha, maana wenzake walikuwa wameanza. Hakuna aliyewaita. Nilipomuuliza baadaye wanajuaje siku ya kucheza, alicheka. "Si mwezi, Mjomba?" Nikaona watoto wa Majanji wana ratiba ambayo hakuna shirika lililoiandika: mwezi ukijaa, baba hawaendi ziwani, mchanga uko wazi, na bibi yuko mlangoni. Ni siku chache tu kwa mwezi. Hata hivyo kila mtoto wa pale anajua ngoma iko lini.

Niliporudi Kiryandongo nilinunua daftari la kurasa 96. Kikundi sasa kina siku: Jumatano, saa kumi alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya ukumbi, mpaka ufunguo upatikane. Nimechagua Jumatano makusudi, isigongane na netiboli, ili mtoto asilazimike kuchagua. Jumatano ya kwanza walikuja sita, ya pili wanne kwa sababu ya mvua, ya tatu tisa. Nimeandika majina yote. Yule msichana hajaja. Nilikwenda kwao kumwomba radhi, mbele ya mama yake kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu, na nikamwambia siku. Alisema, "Nimesikia, Mwalimu." Nitakuwa pale Jumatano ijayo pia.